Nyambizi iliyo kwenye stempu ya mbwa wa theluji

Uliyeuliza kuhusu nyambizi iliyo kwenye stempu ya Marekani ya senti 4, pamoja na mbwa wanaokimbia kwenye theluji: hiyo ni USS Nautilus, ya kwanza duniani kuendeshwa kwa nyuklia. Ilishushwa majini Groton, Connecticut, Januari 1954, na Januari 1955 ikaanza safari kwa nguvu za nyuklia.

Iliingia kwenye stempu kwa sababu ya tarehe 3 Agosti 1958. Ikiwa na watu 116, chini ya Kamanda William Anderson, ilipita Ncha ya Kaskazini ikiwa chini ya barafu. Nyambizi za dizeli zisingeweza, maana zililazimika kupanda juu kutafuta hewa ya injini. Stempu ilitoka 1959, miaka 50 tangu Robert Peary, mpelelezi wa Kimarekani wa maeneo ya barafu, adai kufika huko na mbwa wake. Dai la Peary linabishaniwa hadi leo. La Nautilus halina ubishi.

Baadaye ilikuwa kazi za kawaida, ila 1966 iligongana na manowari ya kubeba ndege, Essex, wakiwa mazoezini. Ilistaafishwa 1980, na sasa ni makumbusho hapo hapo Groton.