Kabla Hujatia Saini Mwongozo wa Chuo cha Kikristo

Siku nilipotia saini mwongozo wa wanafunzi wa chuo cha Kikristo nilichosoma nchini Marekani, nilikuwa nimesoma ukurasa wa kwanza, wenye aya za Biblia, na ukurasa wa mwisho, wenye mstari wa saini. Kurasa za katikati nilizipitia harakaharaka, kwa kuwa nililelewa kanisani, sinywi pombe, sivuti sigara, na kusali nimekuzoea tangu utotoni. Muhula wa kwanza haujaisha, nilikuwa nimeitwa mara mbili ofisini kwa mlezi wa wanafunzi. Mara ya kwanza nilikuwa nimekosa ibada za katikati ya wiki kupita idadi inayoruhusiwa. Mara ya pili nitaieleza baadaye, kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Ninachomwomba kijana anayejiandaa kwenda katika chuo cha namna hii ni kuusoma mwongozo kama mkataba, maana ndivyo unavyotumika. Katiba ya Marekani inalinda uhuru wa kusema na wa kuabudu dhidi ya serikali; haikibani chuo binafsi, ambacho kinaweza kukataza muziki, filamu au mavazi fulani na kumwadhibu aliyeyakubali masharti hayo kwa mkono wake. Mwanafunzi wa kigeni yumo hatarini zaidi, kwani anayesoma kwa viza ya F-1 akisimamishwa masomo, ruhusa yake ya kuwamo nchini nayo huingia mashakani. Kosa ambalo mwenyeji atalitumikia kwa kukaa nyumbani kwao muhula mmoja linaweza kumkatisha mgeni safari yote, huku ada aliyochangiwa na ndugu ikiwa imekwisha kutumika.

Vyuo hivi havifanani, na hata kimoja hakibaki vilevile. Baylor, chuo kikuu cha Wabaptisti huko Texas, kiliruhusu dansi chuoni mwaka 1996. Wheaton cha Illinois, kilichoanzishwa mwaka 1860, kilishikilia katazo lake hadi 2003. Bob Jones cha South Carolina kiliwakataza wanafunzi wa rangi tofauti kuchumbiana, na hakikubadilika hata baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kuamua mwaka 1983 kwamba chuo chenye ubaguzi wa namna hiyo hakistahili msamaha wa kodi. Katazo hilo, lililotetewa kwa Maandiko miaka mingi, lilitangazwa kuondolewa mwaka 2000 katika mahojiano ya televisheni, na mwaka 2008 chuo kikaomba radhi. Nilipoisoma historia hiyo nilitulia moyoni kwa namna ambayo sikuitarajia. Niliona kwamba kanuni ya bweni na amri ya Mungu ni vitu viwili, na kwamba naweza kuitii ile ya kwanza kwa uaminifu, kwa kuwa niliahidi, bila kuiweka mahali pa ile ya pili.

Maisha yenyewe ya kila siku si magumu kama watu wanavyodhani. Wavulana na wasichana hukaa mabweni tofauti, mlango hufungwa kwa saa maalumu, na kila mtu ana kiti chake kanisani ili anayehesabu mahudhurio aone palipo wazi. Ukaguzi wa vyumba ndio uliokuwa ukinitia wasiwasi. Msimamizi wa ghorofa yetu, mwanafunzi aliyetutangulia mwaka mmoja tu, aliingia na karatasi yake, akapitisha kidole juu ya fremu ya mlango, akakitazama, akaandika. Vumbi lilikuwa na alama zake za makosa, na kitanda kisichotandikwa kilikuwa na zake, nazo zilijumlishwa pamoja na za kuchelewa kurudi usiku. Alama hizo ndizo huwaponza wengi: hakuna kosa moja kubwa, ni madogo yanayokusanyika hadi siku unapoitwa. Weka hesabu yako mwenyewe katika daftari.

Sasa mara ya pili. Mwenzangu wa chumba alirudi usiku mmoja baada ya mlango kufungwa, akafunguliwa na rafiki, akakaa kitandani bila kuvua viatu, akalia. Alikuwa amepata habari mbaya za kwao na alihitaji kutembea peke yake. Nilimsikiliza, tukaomba, tukalala. Wiki mbili baadaye niliitwa, nikasomewa kifungu ambacho nilikuwa nimekitia saini: anayejua kosa la mwenzake na asiripoti anashiriki kosa hilo. Niliadhibiwa, naye aliadhibiwa, na katika kikao kile hakuna aliyeuliza kilichomliza. Hilo linaniuma hadi leo, zaidi ya adhabu yenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali nafasi, uliza waziwazi kwa barua pepe, ili jibu libaki kwa maandishi. Je, wanafunzi wanalazimika kuripotiana? Anayeungama jambo kwa mchungaji wa chuo au kwa mshauri nasaha, maneno yake yanaweza kumfikia mlezi wa wanafunzi? Msichana aliyedhulumiwa akiwa mahali palipokatazwa ataadhibiwa kwa kuwa pale? Rufaa inasikilizwa na nani? Swali la tatu hata mzazi aliulize, bila haya. Hakikisha pia kwamba chuo kina ithibati inayotambuliwa, la sivyo masomo yako huenda yasikubaliwe kwingine ukihama.

Sisemi msiende. Wahadhiri wangu wawili walinikaribisha mezani kwao likizo nzima nilipokuwa sina pa kwenda, na mmoja wao ndiye aliyenisindikiza kwenye kikao kile cha pili, akakaa kando yangu kimya. Mtafute mtu kama huyo mapema, kabla hujawa na shida, na usijenge urafiki na wavunja kanuni peke yao kwa kuwa tu wanakuelewa.

Katika vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu, sheria ya mwaka 1974 humpa mwanafunzi haki ya kuliona jalada lake ndani ya siku 45 tangu aombe. Niliomba mwaka wa mwisho. Ndani mlikuwa na karatasi moja ya kikao kile, yenye tarehe, namba ya kifungu na neno "hakuripoti". Niliandika barua ya ukurasa mmoja kueleza usiku ule ulivyokuwa, mwenzangu akaisoma na kuniruhusu, na karani akaibana nyuma ya ile karatasi.