Jibu: Usikubali matope ya mikoko yapimwe kabla rubidi haijaondolewa

Simamisha kwanza safari ya hizo sampuli. Umeuliza maabara ipi ya nje inafaa, inatoza kiasi gani, gramu ngapi zinatosha, na kama unaweza kuiruka hatua ya kutenganisha kemikali, ili upate uwiano wa stronti 87 kwa stronti 86 (isotopi, yaani atomi za elementi moja zenye masi tofauti) na kujua kama matope ya mikoko yameshuka na Mto Zigi kutoka Usambara. Hilo la kuiruka hatua ndilo lililoniangamizia kazi yangu hapa hapa Tanga, na siwezi kunyamaza nikikuona unaelekea shimo lile lile.

Wakala aliyeniunganisha na maabara aliniambia kwamba mashine yenyewe hutenganisha atomi kwa masi, kwa hiyo kulipia hatua ya resini, ndiyo hiyo ya kutenganisha kemikali, ni kutupa fedha. Maneno hayo yanafanana na ukweli, na ndiyo maana yananichoma mpaka leo. Mashine hiyo, spektromita ya masi, hutenganisha masi, haitenganishi elementi. Rubidi, ambayo ni elementi nyingine, nayo ina isotopi ya 87, na tofauti ya masi kati yake na stronti 87 ni kama sehemu moja tu katika 287,000, hivyo mashine za kawaida za kazi hii huzipokea zote mbili katika kikombe kimoja cha kupokelea atomi na kuzihesabu kama kitu kimoja. Matope yetu yana chembe za madini ya maika na felspa zilizotoka kwenye miamba ya milimani, na humo ndimo rubidi inamokaa.

Fanya hesabu mwenyewe. Rubidi ya asili ni isotopi mbili tu, 85 kwa asilimia 72.17 na 87 kwa asilimia 27.83, ilhali stronti ya asili haina 85 kabisa. Ikiwa ishara ya umeme ambayo mashine inaisoma kwenye masi 86 ni volti 1.000 na ya 85 ni volti 0.010, rubidi imekwisha kuongeza volti 0.00386 kwenye 87. Maji ya bahari, ambayo uwiano wake ni 0.7092, yatasomeka 0.7131. Nasi tunabishania tarakimu ya nne baada ya nukta!

Kilichonihadaa zaidi ni sampuli ya kulinganishia. Ilisoma 0.71025, sawasawa kabisa, nikafurahi, kumbe ile ni stronti safi isiyo na rubidi na haiwezi kulifichua kosa hili. Majibu ya sampuli zangu 32 yalirudi yakiwa yamesahihishwa na programu iliyoutoa mchango wa rubidi, nikaandika kurasa nyingi kuhusu miamba ya kale ya Usambara. Siku nilipofungua jedwali ghafi nilikuta ishara ya 85 ni kubwa kuliko ya 86. Masahihisho hayo hufaa pale rubidi inapokuwa chembe tu. Kwa kiasi kile ni kubahatisha. Nilikwenda kukaa Raskazone mpaka magharibi. Unga wote wa matope yangu nilikuwa nimeutuma, hakikubaki hata kijiko kimoja.

Kwa hiyo lipia resini. Sampuli iliyoyeyushwa hupitishwa kwenye resini ikiwa katika asidi kali ya nitriki, stronti ikang'ang'ania na rubidi ikapita, kisha stronti huachiliwa kwa maji safi. Gawa kila unga sehemu mbili, moja ibaki kwako kwenye chupa yenye lebo, na katika barua yako ya kwanza uwaombe waoneshe ishara ya 85 ya kila sampuli. Wakisita, usitume.