Usitupe hiyo bunduki ya gemu, mkuu, tafuta TV ya chogo kwanza

Mkuu, unasema umekuta mashine ya gemu za kaseti kwenye stoo ya marehemu mjomba wako, ukaichomeka kwenye TV flati ya sebuleni. Gemu ya Kontra inacheza vizuri, ila bunduki ya kupigia bata haiui hata mmoja, na fundi kakwambia bunduki imekufa, ununue nyingine. Usitoe hela bado. Azima TV ya chogo kwa jirani, ujaribu. Naona bunduki yako ni nzima.

Nimekulia kwenye vibanda vya gemu pale Mwanga, Kigoma, miaka ya tisini mwishoni, na baadaye nimezifungua sana mashine hizi. Ile bunduki hairushi kitu chochote, inapokea mwanga tu. Ndani ya mdomo wake kuna lenzi na nyuma ya lenzi kuna kijicho cha kuhisi mwanga. Ukifyatua, kioo chote cha TV kinakuwa cheusi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, halafu pale alipo bata panatokea kiboksi cheupe. Kijicho kikiona giza, kisha weupe kwa wakati uleule ambao mashine inautegemea, bata anaanguka. TV ya chogo huchora picha papo hapo inapoletewa, mstari baada ya mstari, zaidi ya mistari 15,000 kwa sekunde, na bunduki imetengenezwa itambue mwanga unaopepesa kwa kasi hiyo. Flati huipokea picha, ikaichakata kwanza, ndipo ikaionyesha. Kiboksi kinapotokea, mashine imeshakuandikia kwamba umekosa. Tena mwanga wa flati haupepesi namna ile. Kwa hiyo hata ukipeleka bunduki kumi, majibu ni hayohayo.

Wajanja wetu walijaribu kuielekeza kwenye balbu wakidhani itahesabiwa. Wapi! Balbu haizimiki unapofyatua, na mashine inataka ione giza kwanza. Kilichofanya kazi ni kubandika mdomo wa bunduki kwenye kioo kabisa, mpaka mwenye kibanda akachora mstari wa chaki sakafuni, na anayeuvuka zamu yake imekwisha.

Sasa usije ukamtangazia mtu kwamba unauza Nintendo. Kampuni ya Nintendo iliitoa Famicom, mashine halisi ya gemu hizi, kule Japani mwaka 1983, ila nyingi za hizi zilizotufikia Kigoma, zikishushwa na treni kutoka Kariakoo, zilikuwa za kuiga. Kaseti yake imeandikwa gemu 9999999, lakini ukishuka kwenye orodha unakuta Mario yuleyule, tofauti yake anaanzia steji nyingine. Na ukitazama miaka yake, gemu tunazoziita za tisini kwetu ni za themanini: Super Mario Bros. ni ya 1985, vile vifaru vya Battle City navyo 1985, Kontra ya kaseti 1988. PlayStation ilishaingia sokoni Japani Desemba 1994 wakati sisi bado tunagombania vifaru. Sioni ubaya. Vifaru vya watu wawili mpaka leo havijapata mpinzani, na anayebisha aje na pedi yake.

Pedi zenyewe zilikuwa na siasa. Kwenye mashine za aina hii pedi ya pili mara nyingi haina kitufe cha kuanzisha wala kusimamisha, kwa hiyo mwenye pedi ya kwanza ndiye serikali. Mkubwa akija, anakalia ya kwanza bila kuuliza. Kwenye Kontra hilo lilitutesa steji ya tatu, ile ya kupanda maporomoko ya maji. Picha inamfuata aliye juu, na aliyebaki chini, kioo kikimwacha, anakufa. Mkubwa anaruka juu haraka haraka, wewe huku unapoteza roho mfululizo, halafu anakwambia hujui kucheza. Kulikuwa na kaka mmoja wa Ujiji aliyejua namba za kupata roho 30: juu juu, chini chini, kushoto kulia, kushoto kulia, B, A. Alikuwa anazibonyeza akiwa ametupa mgongo, pedi ameificha tumboni, tusione. Tulizijua kwa kusikiliza mlio wa vitufe, maana B na A vya pedi ile vilikuwa vikilia tofauti na mshale.

Umeme wetu wakati ule ulikuwa wa majenereta, na ukipungua nguvu picha inasinyaa pembeni, watu wanaanza kuhesabu dakika. Gemu zile hazina pa kuhifadhia ulipofika. Umeme ukikatika uko kwa bosi wa mwisho, umerudi mwanzo, na hela ya zamu hairudishwi. Ugomvi niliouona pale kibandani, mwingi ulitokana na hilo.

Turudi kwenye mashine yako. Kaseti ikileta chenga au rangi moja tupu, usiipulize kwa mdomo kama tulivyofanya wote. Mate yanaingia kwenye shaba na kutu inaanza. Chukua pamba, ilowanishe kidogo kwa spiriti, futa yale meno ya njano mpaka pamba itoke safi, acha ikauke. Adapta nyingi za mashine hizi ni za volti 9, lakini soma kwanza maandishi karibu na tundu, na angalia alama ya chanya kama iko ndani au nje, maana zipo za aina zote mbili. Ukiweka kinyume unaweza kuiunguza. Ukiifungua ukakuta katikati ya bodi kuna tone jeusi gumu kama lami, hiyo ndiyo chipu yenyewe, imemwagiwa gundi juu. Likifa hilo, mashine imekwisha, fundi asikuzungushe. Kama ni waya au swichi, hiyo ni kazi ya dakika chache kwa mwenye hauya ya kulehemu.

TV ya chogo usinunue kwa kuona imewaka tu. Mwambie muuzaji aiache iwake muda, uone kama picha inabaki kimo kilekile, na hakikisha nyuma ina matundu ya nyaya za AV, njano na nyeupe. Kama hayapo utatumia waya wa antena na kutafuta stesheni kwa mkono, inawezekana ila inachosha.

Halafu piga picha mdomo wa hiyo kaseti uiweke hapa. Zikiwa pini 60, yaani yale meno, ni za familia ya Famicom, na ninazo kaseti mbili tatu naweza kukupa kwa bei ya ndugu. Zikiwa 72 ni za ile Nintendo ya Marekani na Ulaya, na hapo mimi mwenyewe nitaitaka mashine.