Pesa ya Februari

Swali lenu la wiki hii linauliza hivi: kwa mfanyakazi aliyeko Marekani, lipi ni afadhali, akatwe kodi inayomstahili tu kwenye kila mshahara, au akatwe zaidi ili mwanzoni mwa mwaka apokee marejesho makubwa? Najibu kwa urefu kwa sababu mimi na mume wangu tumeishi njia zote mbili, na katikati tukapitia mwaka mmoja wa kudaiwa. Tunaishi Houston. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wagonjwa, yeye anaendesha foklifti ghalani. Tuna watoto wawili.

Jibu langu ni kwamba pesa ije kila mshahara. Ila kabla hujaigusa fomu yoyote, jua kwanza marejesho yako yametoka wapi, kwa maana ndani yake huwa kuna pesa za aina mbili zilizochanganyika. Moja ni jasho lako ulilokatwa kupita kiasi. Nyingine ni sehemu ya nafuu ambayo sheria inampa mwenye watoto au mwenye kipato kidogo, ile inayolipwa hata ikizidi kodi yako, na hiyo haikuwahi kuwa kwenye mshahara wako. Watu wengi wanaziita zote "refandi" na kuzihukumu kwa pamoja. Hapo ndipo mashauri ya mtaani yanapopotosha.

Tuliotoka Tanzania tumezoea PAYE. Mwajiri anakata, anapeleka, na kwa mwenye mshahara mmoja mambo yameishia hapo. Marekani si hivyo. Mwajiri anakata kwa makadirio, akifuata fomu ya W-4 uliyojaza mwenyewe, kisha mwaka ukiisha wewe ndiye unayepiga hesabu halisi na kuiwasilisha kufikia Aprili 15. Kilichozidi kinarudi, kilichopungua unalipa. Mpango huu wa kukatwa kwenye mshahara ulianza Julai 1943, katikati ya vita. Kabla ya hapo mtu alilipa kodi ya mapato mwenyewe, mwaka uliofuata. Makato ya Social Security (pensheni ya serikali), asilimia 6.2, na ya Medicare (bima ya afya ya wazee), asilimia 1.45, hayahusiki na W-4, usipoteze muda kutafuta namna ya kuyapunguza. Na sisi wa Texas hatuna kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni ya serikali kuu peke yake.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa rundo la karatasi. Shoga yangu aliyenitangulia aliniambia niweke alama kwenye "Single", nisiandike watoto, "ndiyo salama." Mume wangu naye alifanya vivyo hivyo. Tukawa kila mwaka tunakatwa kama watu wawili wasio na ndoa wala watoto, na kila Februari zinaingia kama dola 4,000. Tulifurahi sana. Hatukujua kwamba zile dola 4,000 zilikuwa nafuu ya watoto wetu wawili, dola 2,000 kila mmoja, ambayo tungeweza kuanza kuipata, kwa kukatwa pungufu, tangu Januari ya mwaka uliotangulia.

Njia ya pili tulionjeshwa bila kuchagua. Mwaka 2021, kuanzia Julai hadi Desemba, serikali iligawa nusu ya nafuu ya watoto kila mwezi: dola 300 kwa mtoto wa chini ya miaka sita, 250 kwa mkubwa zaidi. Kwetu zilikuwa dola 550 kila mwezi. Nakumbuka miezi ile sita kodi ya pango la nyumba haikuchelewa hata mara moja. Ikaisha, tukarudi kwenye mazoea.

Oktoba 2022 giaboksi ya gari ikafa. Houston bila gari ni bila kazi, hasa ukiwa na zamu ya saa kumi na mbili asubuhi. Fundi alitaka dola 1,700, tukazilipa kwa kadi ya mkopo yenye riba ya asilimia 24. Usiku ule nilikaa na karatasi zetu za malipo nikajumlisha. Kufikia mwezi ule tulikuwa tumeshakatwa zaidi ya dola 3,000 kupita tulichopaswa kulipa. Pesa yetu ilikuwa IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, haizai hata senti, na sisi tunakopa kwa asilimia 24 ili tufike kazini. IRS hulipa riba ikiwa tu yenyewe imechelewesha marejesho zaidi ya siku 45. Miezi yote ambayo pesa imekaa kwao kabla hujawasilisha haihesabiwi.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Kwetu Tanga ada ya shule hudaiwa Januari, muhula unapoanza. Marejesho huja mwisho wa Februari, mara nyingine Machi. Kila mwaka nilikuwa namkopa mtu ili nimlipie mtoto wa marehemu kaka yangu, halafu namrudishia "refandi ikiingia". Mwaka mmoja IRS walinitumia barua ya kunitaka nithibitishe kwamba mimi ndiye mimi, pesa ikakaa wiki kadhaa zaidi. Deni la ada likanifanya nimkwepe dada wa watu kwenye harusi.

Nataka nimtendee haki anayependa marejesho makubwa, kwa sababu ana hoja nzito. Pesa iliyoko IRS haiombwi na mtu. Ukiwa na dola mia mbili kwenye akaunti na simu ikaita kutoka nyumbani, kwamba shangazi amelazwa, utazituma, na ni wajibu uzitume. Ndugu anayejua huna mpaka Februari atatafuta njia nyingine. Kwa wengi wetu kukatwa zaidi ni kibubu kisichovunjika, na kimewajengea watu nyumba Kigamboni na Chanika, chumba baada ya chumba, kila Machi. Sitamwambia mtu wa namna hiyo kwamba ni mjinga. Namuuliza tu: je, katika miezi kumi na miwili hiyo hukopi popote? Kama una deni la kadi, kibubu chako kina tundu.

Basi Januari 2023 tukajaza W-4 upya, sote wawili, mezani jikoni, bila kuuliza mtu. Tukabadilisha kuwa wanandoa wanaowasilisha pamoja, na kwenye Hatua ya 3 kila mmoja akaandika dola 4,000 za watoto. Mishahara ikapanda kwa pamoja zaidi ya dola 220 kila wiki mbili. Tukaona tumechelewa kujua siri.

Januari 2024 zikaja W-2, karatasi za mwajiri zinazoonyesha mshahara na makato ya mwaka mzima. Kisanduku cha 2, kinachoonyesha kodi ya serikali kuu iliyokatwa, kilikuwa kitupu kwenye zote mbili. Mimi nilipata dola 38,000 mwaka ule, yeye 42,000. Kodi yetu baada ya punguzo la kawaida, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, ilikuwa dola 5,836. Toa 4,000 za watoto, tunadaiwa 1,836, na faini ndogo juu yake. Faini hiyo humpata anayedaiwa dola 1,000 au zaidi, kama hakuwa amelipa angalau asilimia 90 ya kodi ya mwaka huo au asilimia 100 ya kodi ya mwaka uliotangulia (kwa wenye kipato kikubwa ni asilimia 110). Sisi hatukuwa tumelipa chochote. Tuliomba IRS muda mfupi wa kulipa, wa siku 180, ambao hauna ada ya kuufungulia ingawa riba inaendelea, tukamaliza Julai. Hatukuibiwa: dola 5,836 tulikuwa tumezipokea mwaka mzima. Ila tulikuwa tumeshazila.

Makosa yetu yalikuwa mawili na nawaona wengi wakiyarudia. La kwanza, watoto tuliwahesabu mara mbili. Wanaandikwa kwenye fomu moja, ya mwenye mshahara mkubwa zaidi. La pili ndilo baya zaidi. Ukisema umeoa au umeolewa, mwajiri anakupa punguzo la watu wawili na ngazi pana za kodi, akidhani mshahara anaokulipa yeye ndio pekee unaoingia nyumbani. Mwajiri wa mwenzako naye anadhani hivyo hivyo. Hakuna anayejua habari za mwenzake. Ndiyo maana kwenye Hatua ya 2 kuna kisanduku kidogo, herufi (c), cha kutia alama kama kazi ni mbili na mishahara inakaribiana, na lazima mtie alama kwenye fomu zote mbili. Watu wanakiruka kwa sababu kinaonekana hakina maana. Fomu hii iliandikwa upya mwaka 2020, kwa hiyo anayekushauri habari za "kudai sifuri" au "kudai moja" anakumbuka fomu ya zamani.

Tukarekebisha mwezi ule ule. Sote wawili: ndoa, alama kwenye 2(c), watoto kwa mume wangu peke yake. Nafuu ya watoto ikafuta makato yake yote, mimi nikaendelea kukatwa kama dola 99 kila wiki mbili. Marejesho ya mwaka 2024 yakawa dola 700 na kitu. Nayapenda yakiwa hivyo, yana nafasi ya kubeba kosa dogo. Ukilinganisha na enzi za "Single", mshahara wa mume wangu ulipanda kama dola 117 kila wiki mbili, na dola 100 kati ya hizo hazifiki mkononi. Tuliiomba ofisi ya malipo kazini kwake izipeleke moja kwa moja kwenye akaunti nyingine, isiyo na kadi. Hicho ndicho kibubu chetu sasa. Januari iliyofuata ada ya yule mtoto ililipwa kabla shule haijafunguliwa.

Jirani yangu alipoyasikia haya alitaka nimjazie na yeye. Ni mama wa watoto watatu, yuko peke yake, mwaka 2024 alipata kama dola 24,000. Marejesho yake yalipita dola 10,000. Nilipotazama karatasi zake, kodi ya mapato aliyokuwa amekatwa mwaka mzima haikufika dola 300. Zilizobaki zote zilikuwa nafuu: EITC, yaani nafuu ya mfanyakazi wa kipato kidogo, ambayo kwa mwaka ule ilifika dola 7,830 kwa mwenye watoto watatu, na sehemu ya nafuu ya watoto inayolipwa hata kama hudaiwi kodi. Ikabidi nimwambie kwamba W-4 haina la kumsaidia. Makato yakishafika sifuri, fomu haiwezi kuyashusha chini yake. Zamani iliwezekana kupata sehemu ya EITC kupitia mshahara, tangu 1979, lakini waliotumia mpango huo walikuwa wachache mno na ukafutwa baada ya 2010. Sheria ya 2015 nayo inaizuia IRS kutoa marejesho yenye EITC kabla ya katikati ya Februari. Mtu anayemcheka mama huyu kwamba "anaikopesha serikali bure" hajaelewa hesabu. Hajakopesha kitu. Anachohitaji ni malipo ya kila mwezi kama yale ya 2021, na mimi naona ilikuwa dhuluma kuyasimamisha.

Na kwa sababu ya marejesho kama yake, wapo watu wanaozunguka kwenye shughuli zetu, harusini na kwenye arobaini, wakitangaza kwamba wao "wanatoa elfu kumi". Wanamwandikia mtu watoto asioishi nao au biashara isiyokuwepo, wanakata ujira wao humo humo, na wakati barua inakuja hawapokei simu. Aliyeidai EITC kwa uzembe hufungiwa miaka miwili, kwa udanganyifu miaka kumi. Jina kwenye karatasi ni lako. VITA, wale wajitoleaji waliopewa mafunzo chini ya mpango wa IRS, wanawajazia bure watu wa kipato cha chini na cha kati. Mara nyingi huwa maktaba. Jirani yangu sasa huenda huko.

Kwa wanaopiga ovataimu: kuanzia mwaka wa kodi 2025 hadi 2028, ile nusu ya ziada inayoongezwa juu ya saa ya kawaida inaweza kutolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi ya mapato, hadi dola 12,500, au 25,000 kwa wanandoa. Nafuu ya mtoto imepanda kuwa dola 2,200. Majedwali ya makato ya 2025 hayakubadilishwa kufuata sheria hiyo, kwa hiyo kwa mwaka huo wa kodi wengi mnapata marejesho makubwa bila kufanya lolote. Msiyachukue kama kipimo cha miaka inayofuata.

Sisi nyumbani tuna hesabu mpya. Mume wangu amepata kazi ya pili ya Jumamosi na Jumapili, na W-4 yake iko mezani haijajazwa. Kisanduku cha 2(c) hakitufai tena, kwa kuwa ni cha kazi mbili tu na sasa zimekuwa tatu. Nimemwambia asitie sahihi kwanza. Tunasubiri karatasi ya malipo ya kwanza ya kazi hiyo, kisha tutakaa na kikokotoo cha kwenye tovuti ya IRS, karatasi za kazi zote tatu zikiwa mbele yetu, na kiasi kitakachotoka tutakiandika kwenye mstari wa 4(c), ule wa makato ya ziada ya kila mshahara.