Likizo ya uzazi inaisha, maziwa je? Majibu kwa wasomaji wa Arusha na Moshi

Barua nyingi zilizofika mwezi huu zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mama anarudi kazini mtoto akiwa hajatimiza hata miezi mitatu, naye anataka mtoto huyo aendelee kunywa maziwa ya mama pekee hadi afikishe miezi sita kama alivyoelekezwa kliniki. Nimechagua barua tatu, kwa kuwa kila moja inagusa upande ambao nyingine hazikuugusa.

SWALI: Shikamoo Mama Mshauri. Ninafanya kazi ya kupokea wageni katika ofisi ya utalii hapa Arusha mjini, na ninaishi Sakina. Likizo yangu ya uzazi inaisha baada ya wiki tatu, na kila siku nitakuwa nje ya nyumba kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na nusu jioni. Nimejaribu kukamua maziwa kwa mkono nikapata kama kijiko kimoja tu, nikaogopa kwamba maziwa yangu ni machache. Wenzangu wengine wananishauri ninunue pampu ya umeme, wengine wanasema nimwanzishie mtoto maziwa ya kopo sasa hivi ili ayazoee. Nifanye nini?
*Mama wa Mara ya Kwanza, Sakina*

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto. Kijiko kimoja siku ya kwanza si kipimo cha maziwa uliyonayo. Maziwa hutoka pale homoni ya oksitosini inapoyasukuma kutoka ndani ya titi, na homoni hiyo huamshwa na mtoto mwenyewe, kwa kunyonya, kwa joto la mwili wake, hata kwa sauti ya kilio chake. Mama aliyekaa peke yake ameshika kikombe, akiangalia saa na kuhofia kwamba hakitajaa, anaizuia homoni hiyo bila kujua. Kama mtoto anakojoa mara sita au zaidi kwa siku na uzito wake unapanda kwenye kadi ya kliniki, maziwa yapo. Kilichobaki ni mkono wako kujifunza kazi.

Nitaeleza namna ya kukamua kwa kirefu, kwa sababu wengi huambiwa "kamua" bila kuonyeshwa. Nawa mikono kwa sabuni, kisha chukua kikombe chenye mdomo mpana kilichooshwa na kuchemshwa. Liweke titi kitambaa chenye uvuguvugu kwa dakika chache, ulipapase taratibu kutoka juu kuelekea kwenye chuchu, na kama mtoto yuko karibu mtazame. Halafu weka kidole gumba juu ya titi na kidole cha shahada chini yake, umbali wa sentimita 3 hivi kutoka kwenye chuchu, ambapo kwa wanawake wengi ndipo linapoishia lile duara jeusi. Bonyeza kwanza kurudi nyuma kuelekea kifuani, kisha vikutanishe vidole, kisha achia. Bonyeza tena, achia tena. Mibonyezo ya mwanzo inaweza isitoe kitu, baadaye yakaja matone, na titi likishafunguka maziwa hutoka kwa vijito vyembamba vinavyoruka kuelekea pande zaidi ya moja. Usivute chuchu wala usiteleze vidole juu ya ngozi, kwa maana hapo utajiumiza na hutapata maziwa. Yakipungua, zungusha vidole upande mwingine wa titi, kisha hamia titi la pili baada ya dakika 3 hadi 5, na urudie yote mawili. Shughuli nzima huchukua dakika 20 hadi 30, na ikiuma ujue kuna mahali unakosea. Mwombe muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto akuangalie.

Kuhusu pampu, ukiwa na uwezo nunua, inaokoa muda. Maoni yangu hata hivyo ni kwamba mama anayeijua njia ya mkono kwanza hapati shida siku umeme unapokatika au kifaa kinapoharibika, na vipande vya pampu vinavyogusa maziwa vinahitaji kuoshwa vizuri kila baada ya kutumika, kazi ambayo katika ofisi isiyo na mahali pazuri pa kuoshea vyombo si ndogo. Maziwa ya kopo usianze. Titi hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa. Kila mlo wa kopo unaompa mtoto leo bila kukamua ni taarifa kwa mwili wako kwamba kesho utengeneze kidogo zaidi.

Sasa hesabu, maana akina mama wengi huogopa kiasi wasichokijua. Mtoto wa kati ya mwezi mmoja na miezi sita hunywa kwa wastani kama mililita 750 kwa siku nzima, wengine pungufu, wengine zaidi, na kiasi hicho hakibadiliki sana katika miezi hiyo yote. Kwa saa moja ni kama mililita 30, hivyo kwa saa 9 utakazokuwa nje anahitaji takriban mililita 270. Anza wiki mbili kabla ya kurudi: kamua mara moja kwa siku, baada ya kumnyonyesha asubuhi, wakati ambapo kwa akina mama wengi matiti huwa yamejaa zaidi. Ukipata mililita 30 au 60 kila siku, akiba ya siku ya kwanza itatimia mapema na ya ziada itabaki. Ukishaanza kazi, utakachokamua leo ofisini ndicho atakachokunywa kesho, kwa hiyo huna haja ya friza iliyojaa kama duka la nyama.

Ofisini usipitishe zaidi ya saa 3 hadi 4 bila kukamua, kwa sababu titi linaloachwa limejaa huuma, hupunguza utengenezaji na linaweza kupata uvimbe mwekundu wenye homa, ambao ni wa kuupeleka hospitali huku ukiendelea kukamua. Omba chumba chenye mlango unaofungwa, hata kama ni stoo iliyosafishwa vizuri, na ukielekezwa chooni kataa kwa heshima, kwani choo si mahali pa kuandalia chakula cha mtu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inayokupa likizo ya siku 84 yenye malipo (siku 100 kwa aliyejifungua mtoto zaidi ya mmoja), inamtaka pia mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto wake wakati wa kazi kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Kifungu hicho kinazungumzia kunyonyesha na hakitaji kukamua kwa jina, kwa hiyo ni vema mkaelewana na mwajiri kwa maandishi kabla hujarudi: muda huo utautumia kukamua hapo ofisini, kwenda nyumbani mchana, au kutoka mapema jioni.

Maziwa uliyokamua yakikaa mezani katika joto lisilozidi nyuzi 25 yatumike ndani ya saa 4, na kwenye friji yanafaa hadi siku 4, yakiwa sehemu ya ndani kabisa na si kwenye mlango unaofunguliwa kila mara. Kwenye friza ni vizuri yatumike ndani ya miezi 6. Kutoka ofisini hadi Sakina yabebe kwenye boksi lenye vipande vya barafu, au kwenye chupa ya chai ya mdomo mpana uliyoitia barafu, na kile kichupa cha maziwa kikiwa kimefungwa vizuri ndani yake. Katika hali hiyo hata daladala ikikwama kwenye foleni hayatadhurika. Andika tarehe juu ya kila chombo, na usimimine maziwa ya moto kutoka kifuani juu ya yale ya baridi, yapoze kwanza.

SWALI: Habari za kazi, Mama Mshauri. Mimi ni bibi wa miaka 68, ninakaa Kiboroloni, Moshi, na ninamlea mjukuu wangu wa miezi minne mchana, mama yake anapokuwa kazini. Ananiachia maziwa yake kwenye vichupa ndani ya friji. Ninayaona yamejitenga, juu kuna utando kama wa siagi na chini yana rangi ya maji ya buluu, na yale ya kwenye friza juzi yalikuwa na harufu kama ya sabuni. Sisi wanetu tuliwapa maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa maji, na mtori mwepesi, nao wakakua. Je, haya si maziwa yaliyokwisha kuharibika?
*Bibi, Kiboroloni*

JIBU: Shikamoo mama, na asante kwa kuuliza badala ya kuyamwaga kimyakimya, kama ninavyojua baadhi ya nyumba hufanya. Hayajaharibika. Maziwa ya mama hayajapitishwa kiwandani, kwa hiyo yakitulia mafuta hupanda juu na sehemu nyepesi hubaki chini. Kizungushe kichupa taratibu nayo yatarudi kuwa kitu kimoja. Harufu ya sabuni hutokana na kimeng'enya kiitwacho lipase, ambacho huendelea kuvunja mafuta hata maziwa yakiwa kwenye baridi, na hakimdhuru mtoto, ingawa wapo watoto wachache wanaoikataa ladha hiyo. Maziwa yaliyoharibika hunuka uchachu ambao wewe, uliyeishi na maziwa ya ng'ombe miaka yote, utautambua kabla ya mtu mwingine yeyote.

Ya friza yahamishie kwenye friji usiku ili yayeyuke taratibu, na yakishayeyuka yote yatumike ndani ya saa 24 wala yasigandishwe tena. Umeme ukikatika, usifungue friza. Ukirudi ukakuta bado yana chembe za barafu ndani, yaache yagande. Kuyapasha, weka kichupa ndani ya bakuli la maji ya moto kiasi hadi kipate uvuguvugu. Usiyachemshe kwenye sufuria, kwani moto mkali huua kinga iliyomo, na usitumie maikrowevu, ambayo hupasha sehemu moja ikaunguza mdomo wa mtoto huku nyingine ikiwa baridi.

Namna ya kunywesha ina uzito sawa na namna ya kutunza. Mimi huwashauri watu watumie kikombe kidogo kisafi badala ya chupa, kwa sababu chuchu ya plastiki ni vigumu kuisafisha na watoto wengine wakiizoea huanza kulisusa titi. Mkalishe mjukuu wima kiasi mapajani, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yafike midomoni, halafu subiri. Ayarambe mwenyewe kwa ulimi, usimmiminie, atapaliwa. Tia kikombeni kidogo kidogo, mililita 60 hivi kwa mara moja, kwa kuwa yanayobaki kwenye kikombe alichokwisha kukigusa kwa mdomo hayafai baada ya saa 2, na inauma kumwaga maziwa ambayo mtu ameyakamua kwa nusu saa.

Maziwa ya ng'ombe yana protini na chumvi nyingi kuliko figo za mtoto wa miezi minne zinavyoweza kustahimili kwa urahisi, nayo hayampi madini ya chuma ya kutosha. Ukiyapunguza kwa maji unampunguzia na chakula, na kama maji si salama unamletea kuharisha. Mtori nao unahitajika sana nyumbani kwako, mama, lakini mpikie mama wa mtoto, siyo mtoto. Akitimiza miezi sita, upike mzito, na yeye atapata sehemu yake huku akiendelea kunyonya.

SWALI: Mama Mshauri, shikamoo. Ninafanya kazi kwenye shamba la maua upande wa Usa River. Nyumbani ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu, hatuna friji, na pampu siiwezi. Mtoto ana miezi mitatu na anabaki na mdogo wangu. Msimamizi anasema muda wa kunyonyesha ni hisani ya kampuni, na wiki iliyopita alinipanga kwenye kupulizia dawa. Nitaweza kweli kukamua?
*Mfanyakazi wa Maua*

JIBU: Marahaba. Utaweza, na kwa umbali huo hali yako ni nafuu kuliko ya mama wa ofisini anayekaa mbali. Kamua saa kumi na mbili asubuhi, kisha mnyonyeshe mtoto ashibe kabla hujatoka. Maziwa hayo yafunike, kiweke chombo ndani ya beseni la maji baridi penye kivuli, na mdogo wako ampe yaishe kabla ya saa nne. Saa sita urudi umnyonyeshe mwenyewe, ukamue kidogo yanayosalia kwa ajili ya alasiri, urejee kazini. Usiku mlale karibu na umnyonyeshe kila anapotaka, kwa kuwa usiku mwili hutengeneza vizuri zaidi homoni ya prolaktini, ile inayotengeneza maziwa. Na hao wanaosema kwamba maziwa yaliyokaa kifuani tangu asubuhi yamelala na hayafai kumpa mtoto, usiwasikilize; maziwa hayaharibiki ndani ya titi.

Muda wa kunyonyesha si hisani. Ni kifungu kilekile cha 33 nilichokitaja juu, na hicho hicho kinamkataza mwajiri kumpangia mama mjamzito au anayenyonyesha kazi yenye hatari kwa afya yake au ya mtoto wake. Kupulizia dawa shambani kunaingia humo, kwa maoni yangu bila mjadala. Omba kwa maandishi uhamishiwe kazi nyingine, kama kuchambua au kufunga maua, mradi yawe hayajatoka kunyunyiziwa dawa muda si mrefu, na utaje saa unayoomba kutoka na saa ya kurudi. Ambatisha nakala ya kadi ya kliniki ya mtoto, na ubaki na nakala ya barua yenye sahihi ya aliyeipokea. Wakikataa, mwone mwakilishi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, TPAWU, kama kipo hapo kazini, au ofisa kazi wa mkoa pale Arusha mjini. Mgogoro usipokwisha hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo nayo ina ofisi Arusha. Wakati unasubiri majibu, vua nguo za kazi na uoge, au angalau unawe mikono na kifua kwa sabuni, kabla hujamshika mtoto, na nguo hizo zifue peke yake, mbali na nepi zake.