Kabla ya kulipa ada ya chuo kidogo, kaa na wanafunzi wake

Darasa letu la famasi lilianza na watu 34. Idadi hiyo siisahau kwa sababu viti vilikuwa 30, na wiki mbili za mwanzo waliochelewa walibeba mabenchi kutoka kantini. Chuo chenyewe kilikuwa jengo moja la ghorofa pale Kihonda, Morogoro, chenye kozi mbili tu: famasi na utabibu. Nilikuwa nimetoka shule ya bweni yenye wanafunzi zaidi ya mia nane. Jioni ya siku ya kwanza nilimpigia mama nikamwambia, "Mama, hapa nimekuja kupotea." Akanijibu nikae muhula mmoja kwanza.

Nilikaa, na kilichonibakisha ni wanafunzi wenzangu.

Wengi tulikuwa wa miaka 19 au 20, tuliomaliza kidato cha nne. Lakini safu ya mbele alikaa mama wa watoto watatu kutoka Ifakara, aliyeuza dawa miaka tisa kwenye duka la dawa muhimu baada ya ile kozi fupi ya wauzaji. Nyuma yake alikaa kaka aliyeendesha bodaboda kuanzia alfajiri hadi saa mbili asubuhi, ndipo aingie darasani. Siku ya kwanza ya kusoma vyeti vya dawa, mkufunzi alituonyesha cheti cha mtoto chenye amoksilini. Sisi vijana tulihangaika na mwandiko. Yule mama akanyoosha mkono akauliza, "Mtoto ana kilo ngapi?" Darasa zima hakuna aliyekuwa amewaza uzito. Tangu siku hiyo nilihamia safu ya mbele. Yeye alinifundisha dawa na namna ya kuongea na mgonjwa, mimi nikamfundisha hesabu za kemia, jioni, getoni kwake, watoto wakiwa wamelala.

Ndiyo maana mdogo wangu anayetafuta chuo cha kati sasa hivi, au mzazi anayemtafutia mwanaye, namwambia aende akakutane na wanafunzi kabla hajakutana na mhasibu. Nenda siku ya kawaida ya masomo. Kaa kwa mama ntilie wa jirani saa ya chakula cha mchana, uongee na wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa kwanza bado hawajajua mengi. Waulize walianza wangapi na wamebaki wangapi, na walioondoka waliondokaje: walidisko (walifukuzwa kwa kufeli), walishindwa ada, au walihama? Waulize fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, walipelekwa wapi, na walikuwa wangapi kwenye dirisha moja la dawa. Waulize kama kuna mtu matokeo yake yamezuiwa, na kwa nini. Wanafunzi hawafichi. Ukiona wanaangaliana kabla ya kujibu, rudi nyumbani ukafikiri upya.

Suala la fildi nalisisitiza. Mara ya kwanza tulikuwa 11 katika hospitali kubwa, tumesimama nyuma ya dirisha moja tukihesabu vidonge kwa zamu. Mara ya pili niliomba kituo cha afya cha wilayani, nikawa peke yangu na mtaalamu mmoja wa dawa. Nilijaza leja, nilipanga rafu ili dawa inayokaribia kuisha muda itoke kwanza, nilishiriki kuandaa oda ya kwenda Bohari ya Dawa ya serikali. Wiki sita pale zilinipa zaidi ya muhula mzima uliotangulia. Kama chuo chako kinakuruhusu kuchagua, usikimbilie jina la hospitali.

Sasa karatasi, maana hapa watu wanaumia. NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, na ndani yake kila kozi ina sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na ada. Tafuta kozi yako humo, usitosheke na kuona jina la chuo. Rafiki yangu alisoma chuo kimoja kilichosajiliwa vizuri kabisa, ila kozi aliyoingia haikuwa na ithibati. Alipoteza mwaka mzima na ada ya babake, ambaye aliuza ng'ombe wawili. Kwa famasi unahitaji angalau D nne katika masomo yasiyo ya dini, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Kwa utabibu na Fizikia pia. Mtu akikwambia "wewe njoo tu, Kemia utarudia ukiwa huku," usimpe hata shilingi.

Ada ya kwenye bango nayo si ada yote. Omba kwa maandishi jumla ya kila kitu: usajili, mitihani, sare, fildi, bima. Mimi mwaka wa kwanza nililipa karibu theluthi moja zaidi ya nilichoambiwa, na mama alikopa kwenye kikoba. Siku hizi kuna unafuu kidogo: tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya imo. Soma masharti mapema, andaa vyeti vya kuzaliwa na vya wazazi kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

Ukishaingia, kumbuka kwamba chuo kidogo hakina pa kujificha. Mkufunzi anajua jina lako na anajua hukuja Jumanne. Hilo lilinikera mwanzoni, lakini ndilo lililoniokoa nilipopata sapu mbili (mitihani ya kurudia) mwaka wa pili, kwa sababu mkufunzi mwenyewe alinifuata akaniuliza nyumbani kuna nini. Kulikuwa na msiba. Tulikaa naye Jumamosi tatu mfululizo, nikafaulu zote mbili. Kama unatamani kwenda digrii baadaye, linda GPA, yaani wastani wako wa alama, isishuke chini ya 3.0 tangu mwanzo, usisubiri mwaka wa mwisho.

Tulimaliza 27. Kazi yangu ya kwanza sikuiona kwenye tangazo lolote. Yule kaka wa bodaboda alinipigia saa nne usiku, akasema duka la dawa analofanyia kazi pale Msamvu linatafuta mtu wa pili, niwahi asubuhi na vyeti vyangu.