Mleta mada, hizo buti za mtumba ziweke chini kwanza

Mkuu, nilikuwa nasoma bandiko lako kwa raha zangu mpaka nilipofika pale uliposema "viatu sina shida, nimeshapata buti za mtumba za Kijerumani, kama mpya, elfu hamsini tu." Chai imepoa hapa. Najua umeuliza mambo mengi: mko sita kutoka Dar, mnataka Mlima Meru, pale Arusha, Novemba kabla ya msongamano wa Desemba, unataka kujua habari za basi, mvua za vuli, nguo na dawa za kichwa kule juu. Wengine watakujibu. Mimi nina ugomvi na hizo buti.

Zangu zilikuwa elfu arobaini na tano. Muuzaji, soko silitaji, alizipaka kiwi mbele yangu, akaigonga moja mezani, pa! "Kiatu cha Mzungu hakifi, braza." Nikapiga picha nikatuma kwenye grupu letu la WhatsApp. Tuna mwenzetu mmoja mle ni mtaalamu wa kila kitu, kuanzia injini za boda hadi ndoa za watu. Akajibu: "Chukua haraka, hiyo ngoma orijino." Baadaye sana ndipo nilipogundua mlima pekee aliowahi kupanda ni ngazi za maghorofa ya Kariakoo.

Siku ya kwanza mlimani hamna neno. Mnaanzia geti la Momella, mnatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, twiga wanawatazama kama mmepotea njia, jioni mko kwenye vibanda vya kulala vya Miriakamba, mita 2,500 hivi. Mimi huyo nasifia buti. Siku ya pili ni ngazi. Ngazi za miti, zinapanda tu, mpaka unajiuliza nani alizitengeneza na mlimkosea nini. Katikati ya hizo ngazi jamaa aliyekuwa nyuma yangu akaniuliza, "Unamwaga nini?" Nikageuka. Kila nilipokanyaga nimeacha chembechembe nyeusi, kama mtu aliyebeba keki iliyoungua kwenye mfuko uliotoboka. Nikasema ni matope. Kweli nilisema matope, na huku jua linawaka.

Kufika Saddle Hut, vibanda vya usiku wa pili, mita 3,570, nikavua nikageuza. Soli ya chini, ile ngumu yenye meno, ilikuwa nzima kabisa. Ngozi ya juu nzima. Iliyokufa ni soli ya kati, lile sponji linalobeba uzito. Nilikandamiza kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye kashata mbichi, halafu ikamong'onyoka. Sponji la aina ile ni poliyurethani, na poliyurethani huliwa na unyevu wa hewa polepole kadiri miaka inavyokwenda, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Mzee fulani huko Ulaya alikinunua, akatembea nacho milimani kwao majira ya majani kupukutika, theluji ikaanza akahamia kwenye mbao zake za kuteleza, kiatu kikalala stoo miaka na miaka. Halafu kikapanda meli kikaja kwetu Dar, ambako hata chumvi ya mezani inalowa yenyewe. "Kama mpya" unayoiona wewe ndiyo dalili mbaya. Inamaanisha kimekaa.

Usiniambie utampelekea fundi akushonee. Nilikuwa na supagluu, nikaimwaga yote. Gundi inashika unga, unga haushiki kitu. Mpagazi mmoja, Mungu ambariki, akazifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, nikaonekana nimevaa manati mbili. Saa saba usiku tukaondoka kwenda kileleni. Tulipofika Rhino Point, njiani kuelekea kileleni, soli ya kushoto ikabaki nyuma yangu, nikaenda hatua mbili bila kujua. Mguu ulikuwa na baridi tayari, sikusikia tofauti. Mbele yetu kulikuwa na miamba ya kushikilia kwa mikono, halafu kijia cha majivu ya volkano kwenye ukingo wa kreta. Mimi nimebaki na ngozi na soksi.

Sasa hapa ndipo paliponiuma, na wala siyo hela, ingawa nilishamwaga zaidi ya milioni kwa safari ile. Mwongozaji msaidizi alitakiwa anirudishe, na rafiki yangu mmoja akasema hawezi kuniacha nishuke peke yangu na mtu nisiyemjua. Alikuwa mzima, kichwa hakimuumi, pumzi anazo. Akageuka. Tukakaa Saddle Hut tukiangalia jua linachomoza nyuma ya Kilimanjaro, yeye anakunywa chai kimya, na wenzetu wako juu huko mita 4,500 na ushei wanapiga picha. Hajawahi kunilaumu. Ananiita "Soli" tu, hata kwenye msiba wa baba yake aliniita Soli mbele ya mashehe.

Kushuka nilishuka na yeboyebo za yule mpagazi juu ya soksi pea tatu. Sitaki kuizungumzia ile siku.

Kwa hiyo, mkuu: kiatu hakipandi basi kabla hakijatembea kilomita hamsini hapa hapa. Mtumba, dukani, cha kuazima, cha urithi, vyote. Nenda vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar, na begi lenye uzito utakaobeba, Jumamosi tatu au nne, moja kati ya hizo mvua iwe imenyesha. Panda ngazi, na shuka pia, maana kwenye kushuka ndipo vidole vinapogonga mbele na kucha zinang'oka. Kikifa, kife Pugu, utarudi na bajaji. Wataniambia hapa buti zinakodishwa Arusha. Ndiyo, zipo, ila buti umekutana nayo jana, kesho ikubebe mlimani? Ndoa gani hiyo.

Kuhusu basi, ondokeni alfajiri. Nguo, usivae pamba. Mvua... Novemba inanyesha, ndiyo.

Ngozi ya zile buti kwa kweli haikufa, yule muuzaji hapo alisema kweli. Ziko kibarazani kwangu Mbagala, nimepandia pilipili kichaa, zinazaa vizuri.

Hebu tuma picha ya hizo za kwako. Usipige juu kwenye ngozi, piga ubavuni, pale soli inapokutana na kiatu, karibu kabisa, kwenye mwanga. Na bonyeza kwa ukucha kwanza uniambie kama unazama.